Msitu wa Mgori na hesabu zilizoipa sheria nguvu

Mashariki ya Singida mjini, mashamba ya alizeti na uwele yanapoishia, unaanza msitu wa Mgori. Ni miombo mikavu ya takribani hekta 44,000 inayopakana na vijiji vitano. Jina hili halitajwi kwa kiwango linachostahili katika historia ya sera zetu za misitu. Sheria inayokiruhusu kijiji leo kutenga msitu wake, kuulinda na kula matunda yake ina mizizi hapa na kwa jirani zetu wa Babati, na vyuo vikuu vya nchi hii vimefanya kazi kubwa kuifanya isimame.

Utafiti kuongoza sera si jambo la jana. Wakati wa Waingereza, Shinyanga ilikuwa makao ya idara ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton. Mtaalamu wake wa mimea, B. D. Burtt, alizunguka nyika za kati akiandika habari za mimea yake, vikiwemo vichaka vizito vya Itigi. Wote wawili walifariki katika ajali moja ya ndege mwaka 1938. Kazi ya Burtt ilikuwa ya kina kiasi kwamba wanasayansi waliitumia miongo mingi baada ya kifo chake. Lakini sera ya mbung'o kwa mwananchi ilimaanisha kuitwa kufyeka pori, na penye malale kuhamishwa na kukusanywa sehemu moja. Aliyekaa na pori hilo maisha yake yote hakuulizwa analijuaje.

Baada ya Uhuru, watafiti wakawa wa kwetu. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha BRALUP, ofisi ya kuchunguza rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi, ambayo mwaka 1983 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, IRA. Kati ya 1968 na 1972 wanajiografia wa Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, walipima mmomonyoko wa udongo Dodoma, Arusha na milima ya Uluguru. Walipima hata tope lililojaa kwenye mabwawa ili wajue mvua imechukua udongo kiasi gani mashambani. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 ng'ombe wakaondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, hapo mpakani na Singida. Sayansi ilikuwa imepiga hatua. Tiba ilibaki ile ile: mtu na mifugo yake watoke, ardhi ipumzike.

Mambo yaligeuka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali ilikuwa ikitaka kuifanya misitu kadhaa iliyobaki kuwa hifadhi zake. Duru-Haitemba, wilayani Babati, ulikuwa mmojawapo. Wanakijiji walipoona mipaka inapimwa walijua msitu unawatoka, na wengi wakawahi kukata kabla haujafungwa. Badala ya kuongeza mabavu, wilaya ilikubali kusikiliza. Kwa msaada wa mradi wa usimamizi wa ardhi uliofadhiliwa na Sweden, na mshauri Liz Wily akiwa kati ya waliosukuma wazo hilo, vijiji vinane viliachiwa vipange vyenyewe. Muda mfupi baadaye, mwaka 1995 na 1996, njia hiyo ikafuatwa Mgori kwa eneo kubwa mara kadhaa zaidi.

Jinsi ilivyofanyika ni rahisi kueleza, ingawa haikuwa rahisi kutenda. Msitu uligawanywa kwa mipaka ya vijiji, kila kijiji kikawa na kipande chake, kamati yake na walinzi wake wa doria. Mkutano Mkuu wa Kijiji uliamua kipi kiruhusiwe na kipi kikatazwe. Uamuzi ukaandikwa kuwa sheria ndogo, ukapelekwa Halmashauri ya Wilaya kupitishwa, kwa kuwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 ilikwishakipa kijiji mamlaka hayo. Bwana misitu, aliyezoeleka kuja kukamata watu, sasa alikuja kushauri. Hakukuwa na sheria ya misitu iliyotaja utaratibu huu. Vijiji vilitangulia, sheria ikafuata nyuma.

Wakati huo huo ardhi yenyewe ilikuwa ikijadiliwa nchi nzima. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, akamweka Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwa mwenyekiti. Tume ilizunguka Bara, ikafanya mikutano ya hadhara zaidi ya 200, ikashauri ardhi ya vijiji iwe mikononi mwa mikutano mikuu ya vijiji vyenyewe. Serikali haikukubali kiini cha ushauri huo. Sera ya Ardhi ya 1995 ilimwacha Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote. Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliipa halmashauri ya kijiji nafasi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na bila nafasi hiyo msitu wa kijiji ungekosa pa kusimama. Naamini tume ile ilifanya zaidi ya inavyosifiwa, hata pale iliposhindwa.

Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ndizo zilizoweka msitu wa kijiji kwenye maandishi ya nchi. Hapo kazi ya chuo kikuu ikawa nzito. Wizarani kulikuwa na watu waliohofia kwamba kumpa mwanakijiji msitu ni kuukabidhi kwa wachoma mkaa, na hofu hiyo ilikuwa na msomi wa kuiunga mkono. Mmarekani Garrett Hardin aliandika mwaka 1968 kwamba mali ya wote lazima iharibiwe na wote. Mwenzake Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba watu wanaweza kujitungia kanuni na kuzifuata. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kilikuwa mwenyeji wa kituo cha Tanzania katika mtandao wa watafiti wa misitu aliouasisi.

Watafiti wa SUA wakaingia porini na futi kamba. Unachora duara, unazungusha utepe kwenye shina kwa kimo cha mita 1.3, unaandika, unahamia mti mwingine. Wakati huo huo mwenzako amekaa na kamati ya kijiji akiuliza faini za mwaka zimeingia ngapi na nani alizitunza. Mwaka 2008 jarida la Oryx lilichapisha matokeo yaliyokusanywa na watafiti kadhaa, akiwemo Eliakimu Zahabu wa SUA. Misitu iliyosimamiwa na wananchi ilikuwa ikiongezeka miti na ujazo, ikilinganishwa na ile isiyo na mwenyewe au iliyo chini ya serikali peke yake. Miaka hiyo usimamizi shirikishi ulikuwa umefika vijiji zaidi ya 2,000 na hekta zaidi ya milioni 4. Mwenye hofu wizarani hakuwa tena na sababu ya kubishana kwa hisia.

Manyoni nako kulikuwa na fumbo lake. Vichaka vya Itigi, ambavyo ndugu zao wako kaskazini mwa Zambia tu na huko wamefyekwa sana, havina shina moja la kuzungushia utepe. Mashina huchipua mengi kutoka kisiki kimoja na mtu hapiti bila panga. Kanuni za kukadiria uzito wa miti ya miombo hazikufaa hapo. Watafiti wa SUA na wenzao wa Norway wakakata vichaka, wakavichimba hadi mizizi, wakavipima, wakatengeneza kanuni zinazohusu Itigi peke yake, wakazichapisha mwaka 2016. Kabla ya hapo, sehemu hiyo ya Singida ingehesabiwa kwa kukisia kila mara taifa lilipokadiria kaboni iliyomo kwenye miti yake.

Makadirio hayo sasa yana nguvu ya kisheria. Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni, NCMC, kilianzishwa SUA mwaka 2016, na Kanuni za biashara ya kaboni za 2022 zikakipa kazi ya kuratibu na kusajili miradi. Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, ilikwishaonyesha kwamba karibu nusu ya misitu ya Bara iko kwenye ardhi za vijiji. Mwekezaji wa kaboni anapoutaka msitu ulio kwenye ardhi ya kijiji, basi, mezani anakaa na Halmashauri ya Kijiji.

Ndiyo maana nasisitiza hesabu hizi zirudi zilikochukuliwa, kwa Kiswahili, zikisomwa kwenye Mkutano Mkuu kabla mkataba haujawekwa sahihi. Wanakijiji wa Mgori walijitungia sheria ndogo kabla Bunge halijatunga yake. Kijiji kikijua msitu wake una tani ngapi za kaboni, kitaweza kumuuliza mwekezaji bei.