Chemosit naye anataka utendi

Mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka Bomet ameniuliza: mbona wanafunzi wake, wanaonung'unikia shairi la beti tano, hutulia tuli wakisomewa utendi wa Fumo Liyongo mwanzo hadi mwisho? Swali zuri hilo.

Utendi huo ulitungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka wa 1913. Liyongo mwenyewe alikuwa akiimbwa karne nyingi kabla ya hapo, na kila msikilizaji alishajua kwamba mwanawe atamuua kwa sindano ya shaba kitovuni. Walichotaka kusikia ni vipi. Mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake, walinzi wanaoudharau (mazuri wameshakula wao), ngoma inayovuma huku minyororo ikikatwa, kisha maiti iliyopiga goti kisimani na mshale wake, watu wakiogopa kuteka maji. Nani atasinzia hapo?

Halafu kuna umbo. Ubeti una mishororo minne, kila mmoja mizani 8. Mitatu ya kwanza hufanana kwa kina; wa nne hubeba kina cha bahari, kile kile hadi ubeti wa mwisho. Sikio hupumzika kidogo, kisha linadai ubeti unaofuata. Kwa mwendo huo Mwengo wa Athumani wa Pate alisimulia vita vya Tabuk kwa beti zaidi ya 1,000 katika Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728. Shairi la kawaida halina mbio hizo, na washairi wenzangu wasinune.

Mwaka wa 1970 Ruth Finnegan aliandika kwamba tendi simulizi hazina uzito mkubwa barani Afrika, ilhali Mwindo wa Wanyanga wa mashariki mwa Kongo alikuwa ameshachapishwa 1969. Isidore Okpewho alimjibu 1979 kwa kitabu kizima.

Sasa tuje Kericho na Bomet. Wakipsigis husimulia safari ya wazee wao kutoka Tulwop Kony, yaani Mlima Elgon. Wanaye Chemosit, nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, kinywa kinachong'aa usiku kama taa. A. C. Hollis, akiandika 1909 kuhusu ndugu zao Wanandi, alisema zimwi hilo huwanasa watoto kwa kuimba karibu na nyumba usiku. Zimwi linalowinda kwa wimbo! Na kuna ukoo wa Talai, uliofukuzwa na wakoloni 1934 na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Hiyo si hekaya, ila waliohamishwa wakiwa watoto leo wamepita miaka 90.

Shida ni masikio. Katika laini za mashamba ya chai, mtoto wa Mkipsigis hucheza na wa Mkisii, Mluo na Mluhya, na lugha yao wote ni Kiswahili. Kogo anasimulia kwa Kipsigis, mjukuu anajibu kwa Kiswahili. Mashine za kuchuma chai nazo zimeingia, na mchumaji akikosa kazi anahama na watoto wake. Utendi wa Kiswahili ungewafikia wote.

Mtunzi atakwama mahali: Chemosit huishia kwa konsonanti, na kina chataka vokali. Basi aliweke jina katikati ya mshororo, au aseme Chemosi, kama wengi wasemavyo. Mwengo alipomhitaji Kaisari Heraclius alimwita Herekali, na beti zikaendelea.