Kanisa la Wetzlar na Lenzi ya Pembe Pana

Miongoni mwa fani zilizochipuka katika karne ya 19, ni chache zilizohifadhi historia ya majengo kama upigaji picha. Hata hivyo, si kila picha ni shahidi mwaminifu. Uaminifu wake wategemea mpigaji alisimama wapi, aliielekezaje kamera yake, na lenzi yake yaona upana gani. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi kanisa moja la kale la Ujerumani lilivyowafunza watu kupima majengo kwa picha, na jambo hilo latuhusuje sisi walimu.

Kanisa kuu la mji wa Wetzlar lilianza kujengwa upya kwa mtindo wa Kigothi katika karne ya 13, kuta mpya zikizunguka kanisa la zamani zaidi. Kazi hiyo haikukamilika. Mpaka leo, mtu akisimama upande wa magharibi huona ukuta wa Kigothi uliokatizwa na, nyuma yake, mnara wa kanisa la awali. Wakatoliki na Waprotestanti hulitumia kwa pamoja.

Mwaka 1858 msanifu majengo kijana, Albrecht Meydenbauer, aliyezaliwa mwaka 1834, alikuwa akilipima kanisa hilo. Siku zile kupima kulikuwa ni kupanda juu na kuligusa kila jiwe. Jioni moja, alipotaka kutoka katika chombo kilichoning'inizwa kwa kamba aingie dirishani mwa mnara, chombo kiliyumba kikaachana na ukuta. Aliponea chupuchupu kwa kulishika dirisha na kujisukuma ndani. Alipokuwa akishuka alijiuliza: je, haiwezekani picha ikapimwa badala ya ukuta wenyewe?

Wazo hilo lilikuwa na msingi katika jiometri. Mkulima akitaka kujua mti ulio ng'ambo ya mto uko umbali gani, aweza kuutazama kutoka mahali pawili na kuzipima pembe zake. Akijua urefu wa mstari uliopo kati ya mahali hapo pawili, pembetatu yampa jibu. Vivyo hivyo, picha mbili za kanisa zilizopigwa kutoka pande mbili zinazojulikana zaweza kutoa vipimo vya kila dirisha na kila nguzo.

Palikuwa na kikwazo kimoja. Makanisa ya kale aghalabu yamebanwa na nyumba na vichochoro, na mpigaji hana nafasi ya kurudi nyuma. Lenzi yenye pembe ya digrii 45 humlazimu asimame kiasi cha mita 36 ili aupate ukuta wenye upana wa mita 30. Yenye pembe ya digrii 90 humruhusu asimame mita 15 tu. Asipokuwa na lenzi ya namna hiyo, huishia kuinamisha kamera nyuma ili akipate kilele, na hapo kuta zilizo wima huonekana kana kwamba zaelekea kukutana juu. Picha kama hiyo ni vigumu kuipima.

Ndiyo sababu Meydenbauer alichagua lenzi ya pembe pana iliyoitwa Pantoskop, iliyotengenezwa na Emil Busch wa mji wa Rathenow. Mwaka 1867 aliijaribu kamera yake huko Freyburg, kando ya mto Unstrut, kwa kulipiga picha kanisa la mji huo. Mwaka huo huo neno "fotogrametria", yaani upimaji kwa picha, lilichapishwa kwa mara ya kwanza. Ama kuhusu dosari, lenzi hizo zilikuwa nazo: mwanga hufifia pembeni mwa picha, na vitu vya mviringo vilivyo kandokando hurefuka kama yai. Lakini mstari ulionyoka hubaki umenyoka, na hilo ndilo alilolihitaji mpimaji.

Mwaka 1885 serikali ya Prussia ilianzisha taasisi ya kazi hiyo mjini Berlin, ikiongozwa na Meydenbauer. Hadi mwaka 1920 ilikuwa imekusanya mabamba ya kioo yapatayo 20,000. Meydenbauer alifariki mwaka 1921. Baada ya Vita Kuu ya Pili, iliyobomoa majengo mengi, picha hizo ziliwasaidia mafundi waliokuwa wakiyajenga upya.

Hatari ya namna hii haiko Ulaya pekee. Wasomaji wetu wa Uganda wajua kwamba kanisa kuu la Namirembe lililokamilika mwaka 1904 lilipigwa na radi na kuteketea mwaka 1910. Moto, mvua na mchwa havingoji mwanahistoria amalize kalamu yake.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba walimu wa Kiswahili, wakishirikiana na wenzao wa hesabu, wawapeleke wanafunzi kwenye kanisa, msikiti au shule kongwe ya jirani. Kamera ishikwe sawasawa, isiinamishwe. Fimbo ya mita 1 isimamishwe ukutani ionekane pichani. Mahali aliposimama mpigaji papimwe, na tarehe iandikwe. Kisha wanafunzi waandike maelezo ya jengo hilo kwa Kiswahili, wakitafuta kwa wazee na mafundi majina ya sehemu zake: kizingiti, boriti, mwimo, kenchi. Maneno hayo nayo yahitaji kuhifadhiwa.