Kivinjari kinachokula mega kichinichini

Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za intaneti ku simu ao kompyuta. Hata kabla mtu hajafungua ukurasa, vivinjari vingi huwasiliana na kampuni iliyovitengeneza: vinatafuta matoleo mapya, vinaleta habari, vinatuma ripoti za matumizi. Hapo mega zinaisha bure, na mambo ya mtu yanajulikana.

Firefox ya shirika la Mozilla hutuma ripoti pia, lakini zinazimwa katika mipangilio. Brave huzuia matangazo mengi na wafuatiliaji tangu mwanzo. Tor Browser hupitisha mawasiliano katika vituo 3, kwa hiyo tovuti haioni mtu yuko wapi. Ila inaenda polepole, na kampuni ya simu inaweza kutambua kwamba Tor inatumiwa.

Ku Android, data ya chinichini inazimwa kwa kila programu. Lakini matoleo mapya yasikataliwe: ndiyo yanaziba matundu wanamopitia wezi. Afazali kuyapakua pahali penye Wi-Fi.

Kisha, dirisha la faragha halimfichi mtu mbele ya kampuni ya simu. Linaacha tu kuhifadhi historia ku simu yake.