Dhamira za Kitenzi cha Kiingereza: Historia ya Kalibu ya Kilatini na Umbo Lililopukutika, 1586–2002

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya dhana ya dhamira katika sarufi za Kiingereza, kuanzia sarufi ya William Bullokar ya mwaka 1586 hadi sarufi ya Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum ya mwaka 2002. Hoja yake ni kwamba idadi ya dhamira zilizotajwa vitabuni iliongozwa zaidi na mazoea ya kufundisha Kilatini kuliko na maumbo ya kitenzi cha Kiingereza chenyewe. Makala inaonyesha pia kwamba jina moja, dhamira tegemezi, limefunika maumbo mawili yenye historia tofauti, na kwamba Kiswahili, ambacho huyatenganisha matumizi hayo mawili, kinaweza kumsaidia mwalimu kuyaeleza.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza huelekezwa aandike "If I were rich" wala si "If I was rich". Akiuliza sababu, hujibiwa kuwa hapo pametumika dhamira tegemezi. Baadaye hukutana na sentensi "She insists that he leave", akashangaa kuona kitenzi cha nafsi ya tatu umoja hakina kiambishi "-s". Akiuliza tena, hupewa jibu lile lile. Majibu yote mawili yanataja jina. Hakuna linaloeleza jambo. Mwanafunzi hubaki na kanuni mbili zisizofanana zilizowekwa chini ya jina moja, na anapokosea hukatwa alama kwa kanuni ambayo hakupewa asili yake.

Katika makala hii, neno dhamira limetumika kwa maana ya kiisimu: namna umbo la kitenzi linavyoonyesha iwapo msemaji analichukulia tendo kuwa jambo la hakika, agizo, takwa au dhana tu. Dhamira arifu hutoa taarifa, dhamira amrishi huagiza, na dhamira tegemezi hueleza linalotakiwa, linalodhaniwa au lisilo la kweli. Fasili hii ina pande mbili, yaani umbo na maana. Historia inayosimuliwa hapa ni historia ya pande hizo mbili kuachana, na ya wanasarufi waliotofautiana kuhusu upande upi ufuatwe.

2.0 Maumbo ya Kale na Kupukutika Kwake

Kiingereza cha Kale kilikuwa na dhamira tegemezi iliyoonekana katika umbo la kitenzi. Kitenzi "singan", chenye maana ya kuimba, kilikuwa na "singeþ" kwa nafsi ya tatu umoja katika dhamira arifu, na "singe" katika dhamira tegemezi. Katika wingi, dhamira arifu ilikuwa "singaþ" na dhamira tegemezi "singen". Wakati uliopita nao ulikuwa na tofauti zake: "sang" na "sungon" upande mmoja, "sunge" na "sungen" upande wa pili. Maumbo haya yalitumika katika matakwa, masharti na maagizo, na pia katika kuripoti maneno ya mtu mwingine bila msemaji kuyathibitisha.

Hata hivyo, mfumo huo ulikuwa na nyufa tangu hapo. Nafsi ya kwanza umoja ya dhamira arifu ilikuwa "singe", sawasawa na dhamira tegemezi. Katika kipindi cha Kiingereza cha Kati, irabu za silabi zisizo na mkazo zilififia na kufanana, na konsonanti "n" ya mwisho ikazidi kudondoka. Mabadiliko hayo ya sauti hayakuilenga dhamira, lakini ndiyo yaliyoiondolea alama zake. Kufikia karne ya 16, dhamira tegemezi ya wakati uliopo ilitambulika hasa katika nafsi ya pili umoja iliyotumia "thou", katika nafsi ya tatu umoja, na katika kitenzi "be". Kiwakilishi "thou" kilipotoweka katika mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza sanifu, alama nyingine ikaondoka pamoja nacho.

Pengo hilo halikuachwa wazi. Vitenzi visaidizi kama "may", "might", "should" na "would" vilichukua sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa na viambishi tamati. Maana ya takwa na ya dhana ilibaki. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa katika sentensi.

3.0 Kalibu ya Kilatini: Kutoka Lily hadi Murray

Sarufi za kwanza za Kiingereza ziliandikwa katika kipindi ambacho mabadiliko hayo yalikuwa yamekwisha kwenda mbali. Waandishi wake walikuwa wamesomea sarufi ya Kilatini inayohusishwa na jina la William Lily. Kitabu hicho kiliundwa baada ya kifo cha Lily mwaka 1522, kutokana na maandishi yake na ya wenzake, kikapewa idhini ya kifalme wakati wa Henry VIII. Kilitaja dhamira sita: arifu, amrishi, ya matakwa, ya uwezekano, tegemezi, na kitenzijina.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hata katika Kilatini orodha hiyo haikutokana na maumbo pekee. Dhamira ya matakwa, ya uwezekano na tegemezi zilitumia maumbo yale yale ya kitenzi. Umbo "amem" liliweza kuingia katika zote tatu. Kilichozitofautisha ni maneno yaliyoandamana na kitenzi, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Mwanafunzi aliambiwa kwamba dhamira ya uwezekano hutambulika kwa ishara kama "may", "can", "might", "would" na "should". Ishara hizo zilikuwa msaada wa kutafsiri: zilimwelekeza mtoto wa Kiingereza namna ya kukielewa kitenzi cha Kilatini.

Bullokar alipochapisha sarufi yake ya Kiingereza mwaka 1586, alifuata kwa karibu mpangilio wa Lily. Hapo ndipo mwelekeo ulipogeuka. Maneno ya Kiingereza yaliyokuwa nyenzo ya kueleza dhamira za Kilatini sasa yalichukuliwa kuwa dhamira za Kiingereza. Kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu vilihesabiwa kama umbo moja, kwa kuwa kwa pamoja vilitafsiri umbo moja la Kilatini.

Urithi huo ulidumu. Lindley Murray, Mmarekani wa madhehebu ya Quaker aliyehamia Uingereza, alichapisha sarufi yake mjini York mwaka 1795. Alitaja dhamira tano: arifu, amrishi, ya uwezekano, tegemezi, na kitenzijina. Dhamira ya matakwa ilikuwa imeondoka katika orodha, lakini ile ya uwezekano ilibaki, ikitambulishwa kwa vitenzi visaidizi. Kwa kuwa kitabu cha Murray kilitolewa mara nyingi na kutumiwa sana shuleni pande zote mbili za Atlantiki, kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi kilikariri dhamira ambayo asili yake ilikuwa zoezi la tafsiri.

4.0 Sauti za Upinzani

Isidhaniwe kwamba kalibu hiyo haikupingwa. John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, alichapisha mwaka 1653 sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini, akawalaumu waliomtangulia kwa kukilazimisha Kiingereza kifuate taratibu za Kilatini. Kwake, kitenzi cha Kiingereza kilikuwa na njeo mbili tu kimaumbo. Mengine yote yalifanywa na vitenzi visaidizi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1761, mwanakemia Joseph Priestley alitoa sarufi iliyoyapa matumizi ya wasemaji uzito mkubwa katika kuamua mambo ya lugha. Mwaka uliofuata Robert Lowth alichapisha sarufi yake, ambayo ndiyo iliyopata wafuasi wengi zaidi miongoni mwa watunzi wa vitabu vya shule. Mshindani wa Priestley, kwa hiyo, hakuwa Kilatini pekee, bali pia haja ya shule kuwa na kanuni za kusahihishia.

Kati ya karne ya 17 na ya 18, "was" ilizidi kuonekana mahali pa "were" katika vishazi vya sharti lisilo la kweli. Badiliko hili lina mantiki yake. Vitenzi vingine vyote vya Kiingereza hutumia umbo la kawaida la wakati uliopita katika masharti ya aina hiyo: "If I had", "If I went", "If I knew". Anayesema "If I was" anakiingiza kitenzi "be" katika utaratibu unaofuatwa na vitenzi vingine. Sarufi za shule, hata hivyo, ziliiona "was" kuwa uzembe, kwa sababu ziliangalia jina la dhamira badala ya mfumo mzima wa kitenzi.

Katika kizazi cha mwisho cha karne ya 19, uchambuzi ulirudi kwenye maumbo. Henry Sweet, katika sarufi yake iliyoanza kutoka mwaka 1892, aligawa dhamira kwa msingi wa jambo la hakika na jambo la kufikiriwa. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, alisisitiza mwaka 1924 kwamba dhamira itambuliwe pale tu inapoonyeshwa na umbo la kitenzi. Aliorodhesha maana nyingi ambazo zingeweza kuitwa dhamira iwapo maana peke yake ingekuwa kigezo, na orodha hiyo ilionyesha wazi kwamba njia hiyo haina mwisho. Naye H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, aliiona dhamira tegemezi kuwa iko mahututi, isipokuwa katika matumizi machache.

5.0 Uhai wa Pili

Utabiri wa Fowler ulitimia kwa sehemu tu. Wakati alipokuwa akiandika, umbo la "She insists that he leave" lilikuwa likiongezeka Marekani. Gerd Övergaard, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1995, alionyesha kwamba umbo hilo lilienea katika Kiingereza cha Marekani ndani ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, na kwamba Waingereza waliufuata mwelekeo huo baadaye. Kabla yake, mwaka 1988, Stig Johansson na Else Helene Norheim walikuwa wamelinganisha mikusanyo miwili ya matini zilizochapishwa mwaka 1961, wa Brown kwa Marekani na wa LOB kwa Uingereza, kila mmoja ukiwa na maneno yapatayo milioni moja. Baada ya vitenzi vya kudai, kusisitiza na kupendekeza, Wamarekani walitumia zaidi umbo tupu la kitenzi, ilhali Waingereza walipendelea "should".

Kwa hiyo, katika karne moja, sehemu mbili za kile kilichoitwa dhamira moja zilikwenda njia tofauti. "Were" iliendelea kushindana na "was", huku umbo tupu katika vishazi vya takwa likipata nguvu mpya. Huddleston na Pullum waliutambua mgawanyiko huo mwaka 2002. Kwao, kitenzi cha Kiingereza cha leo hakina mnyambuliko wa dhamira. Jina tegemezi walilibakizia kishazi kinachotumia umbo tupu, na "were" ya "If I were" wakaiweka mbali kama masalia ya mfumo wa zamani yaliyobaki katika kitenzi kimoja.

6.0 Maana ya Historia Hii kwa Darasa la Kiswahili

Sarufi ya Kiswahili nayo iliandikwa kwanza na watu waliolelewa katika jadi hiyo hiyo. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu Kiswahili cha Zanzibar, alitumia istilahi ya dhamira tegemezi kwa umbo linalogeuza irabu ya mwisho "-a" kuwa "-e", kama katika "aondoke". Istilahi hiyo imekubalika hadi leo. Hata hivyo, Kiswahili hakikuunganisha chini yake kile ambacho mapokeo ya Kilatini yaliunganisha. "She insists that he leave" hutafsiriwa "Anasisitiza aondoke", lakini "If I were rich" hutafsiriwa "Ningekuwa tajiri", kwa kiambishi "-nge-". Mzungumzaji wa Kiswahili anakuja darasani akiwa tayari ana maumbo mawili kwa maana mbili. Mwalimu anayemwambia kwamba "leave" na "were" ni dhamira moja humvurugia tofauti anayoijua.

Ulinganishi huu unafaa pia katika jambo la umbo. Vitenzi vya Kiswahili vyenye asili ya Kiarabu, kama "jibu" na "fikiri", havipokei "-e". Dhamira tegemezi huonekana kwa kukosekana kwa kiambishi cha njeo: "ajibu", "afikiri". Kiingereza hufanya jambo linalokaribiana na hilo. "Leave" katika "that he leave" hutambulika kwa kile kisichokuwepo, yaani "-s". Pale ambapo kiima ni cha wingi, tofauti hiyo hujificha: "They insist that we leave early" huweza kumaanisha "Wanasisitiza tuondoke mapema" au "Wanasisitiza kwamba huwa tunaondoka mapema". Ukanushi huifichua tena. "That we not leave" ni "tusiondoke"; "that we do not leave" ni "hatuondoki". Katika barua ya kazi au mkataba, tofauti hiyo ni kati ya agizo na taarifa, na mwanafunzi anastahili kufundishwa waziwazi namna ya kuitambua.

7.0 Hitimisho

Dhamira sita za Lily, tano za Murray na msimamo wa Huddleston na Pullum wa kutokuwepo mnyambuliko wa dhamira hazitokani na lugha tatu tofauti. Kiingereza kilibadilika, lakini si kwa kiasi cha tofauti za hesabu hizo. Vilivyobadilika zaidi ni vigezo vya kuhesabia. Makala hii inapendekeza kwamba ufundishaji wa Kiingereza kwa wazungumzaji wa Kiswahili utenganishe umbo tupu la takwa na "were" ya sharti lisilo la kweli, uanzie katika "aondoke" na "ningekuwa", na uieleze "If I was" kuwa ni matumizi ya kawaida yasiyo rasmi yenye historia ndefu. Mtahini anaweza kuendelea kudai "were" katika maandishi rasmi. Inampasa, hata hivyo, ajue kwamba anasahihisha kiwango cha urasmi, wala si kushindwa kwa mwanafunzi kufikiri.