Sylvia Crowe na Maana ya Mandhari: Tafakuri Kuhusu Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba

Neno mandhari limetufikia kutoka Kiarabu, likiwa na maana ya kile kinachotazamwa. Katika nyaraka za miradi ya umma, asili hiyo imeathiri sera kuliko sisi wafasiri tulivyokusudia. Usanifu wa mandhari huorodheshwa mwishoni, pamoja na maua na nyasi, na fedha zinapopungua huwa wa kwanza kukatwa. Makala hii inapitia maisha na kazi ya Sylvia Crowe, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa taaluma hiyo, na kudai kwamba alishughulikia kwanza matumizi ya ardhi; uzuri ulifuata.

Crowe alizaliwa Banbury mwaka 1901 katika familia iliyokuja kulima matunda kusini mwa Uingereza. Kifua kikuu kilimtoa shuleni akiwa mtoto, na sehemu kubwa ya malezi yake ikawa shambani. Alisomea kilimo cha bustani katika Chuo cha Swanley, kisha akabuni bustani za watu binafsi hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipoikatiza kazi hiyo, akaenda Ufaransa kuendesha gari la wagonjwa. Alipofungua ofisi yake mwaka 1945, nchi ilikuwa inajenga miji mipya na mitambo ya umeme. Mtu aliyezoea kupanga vitanda vya maua sasa aliulizwa mji uishie wapi na bonde lianzie wapi.

Alilijibu swali hilo katika mji mpya wa Harlow, ambako yeye na msanifu mkuu Frederick Gibberd waliacha mabonde ya kijani yapite katikati ya makazi. Mwaka 1958 alichapisha kitabu *The Landscape of Power*, kuhusu mitambo, nguzo za umeme na mabwawa. Hoja yake, ambayo aliifanyia kazi pia kwenye kituo cha nyuklia cha Trawsfynydd huko Wales, ni kwamba jengo kubwa mno halifichwi kwa miti, wala halipunguzwi ukubwa kwa kuzungushiwa bustani ndogondogo. Kinachowezekana ni kuamua mapema ardhi inayolizunguka itumikeje, na kuiacha ifike ukutani bila vurugu. Kuanzia mwaka 1964 aliishauri mamlaka ya misitu ya Uingereza, akitaka kingo za mashamba ya miti zifuate umbo la vilima badala ya mistari ya rula.

Inafaa kukumbuka kwamba hata neno la Kiingereza la mandhari lilitoka kwa wachoraji, likichukuliwa kutoka Kiholanzi. Kizazi cha Crowe na mwenzake Brenda Colvin kililitoa kwenye turubai na kulirudisha ardhini. Kiswahili bado hakijapata kizazi chake.

Juba inaonyesha gharama ya pengo hilo. Katika miaka ya 1930 mji huu ulikuwa kituo cha ndege za Imperial Airways kati ya Cairo na kusini mwa Afrika. Leo uwanja wake ndio lango kuu la Sudan Kusini. Mjadala wa umma umelenga zaidi jengo la abiria, na hilo linaeleweka, kwa kuwa kwa muda mrefu wasafiri walihudumiwa ndani ya mahema. Lakini mambo mazito yalitokea kando ya jengo. Desemba 2013 makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa ya Tomping, inayopakana na uwanja, na mvua za mwaka 2014 ziliigeuza kuwa matope. Novemba 4, 2015, ndege ya mizigo aina ya Antonov ilianguka karibu na Mto Nile muda mfupi baada ya kuruka, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maji yapite wapi, nani alime au ajenge chini ya njia ya ndege: hayo ndiyo maswali ya mandhari kwa maana ya Crowe. Mwaka 2010, kinyume chake, serikali ya kusini ilitangaza mpango wa kuujenga upya mji kwa umbo la kifaru, umbo ambalo lingeonekana tu na aliye angani.

Hata hivyo, Crowe hawezi kuhamishiwa Juba jinsi alivyo. Alifanya kazi chini ya dola yenye sheria imara za kutwaa ardhi na kulipa fidia. Hapa mstari wa penseli unaweza kumwondoa mkimbizi wa ndani ambaye tayari ameondolewa mara mbili. Miti nayo, ambayo Harlow ilikuwa neema, huvuta ndege wenye mabawa kwenye njia ya ndege zenye injini. Kiswahili kimewapa jina moja, na mwanamazingira wa uwanja hana budi kuwatenganisha.

Napendekeza tubaki na *msanifu mandhari* kwa mtaalamu, neno ambalo limeanza kuzoeleka. Kazi yake, katika nyaraka zinazoandaliwa kwa Sudan Kusini, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, iitwe *mpango wa ardhi ya mzingo*, nayo iandikwe katika sura moja na mifereji, uzio na haki za wakazi, si katika kiambatisho cha mapambo.