Pilipili manga ya Vavar

Msikiti wa Erumeli, mji mdogo wa Kerala kusini mwa India, una desturi ambayo maalimu wangu wa chuoni hapa Mombasa angeikabili kwa bakora. Kila Januari Wahindu kwa maelfu huuzunguka wakicheza ngoma, nyuso zimepakwa rangi, mikononi wana silaha za mbao na matawi. Wanakumbuka jinsi mungu wao Ayyappan alivyomuua Mahishi, pepo jike mwenye umbo la nyati. Wakimaliza hutoa sadaka, mara nyingi pilipili manga, kisha hao, wanashika njia ya msituni kwenda hekalu la Ayyappan huko Sabarimala.

Anayeheshimiwa pale msikitini ni Vavar, Mwislamu, sahibu wa Ayyappan. Alikuwa nani hasa, kila msimulizi ana lake. Kuna wanaosema alikuwa haramia wa baharini aliyepigana na Ayyappan, akashindwa, wakawa ndugu. Kuna wanaomfanya mfanyabiashara. Mimi mtu wa pwani naegemea bahari. Pilipili ya Malabar, pwani ya Kerala, iliwavuta Waarabu karne nyingi kabla Vasco da Gama hajafika Calicut mwaka 1498, naye aliongozwa na rubani aliyempata Malindi. Manahodha walingoja pepo zigeuke, wakaoa, wakajenga misikiti. Waislamu wa Kimappila ni uzao wa maingiliano hayo. Kwa hiyo Mwislamu wa hadithi kupewa pilipili, mimi sishangai.

Kule juu mlimani Vavar ana mahali pake karibu na hekalu lenyewe. Hana sanamu. Pana upanga wa kale na kitambaa cha kijani, na anayehudumu ni Mwislamu.

Mwenye nadhiri ya Sabarimala huishika kwa siku 41. Huvaa nguo nyeusi na kidani cha mbegu, haonji nyama wala pombe, hanyoi ndevu, halali na mkewe. Tangu siku anapovaa kidani watu humwita Swami, naye humwita hivyo kila mwenzake, awe tajiri au mchukuzi wa mizigo. Mlangoni pa hekalu pameandikwa maneno ya Upanishad, maandiko ya Kihindu, yanayomwambia mja kwamba anachokitafuta ndicho alicho. Wanafalsafa wameyajazia vitabu maneno hayo. Mimi naona yameeleweka zaidi pale mwenye duka anapomwita hamali wake kwa jina la mungu wake.

Lakini kinachonivutia zaidi ni utaratibu wa ngoma ya Erumeli. Mahujaji kutoka Ambalappuzha hutangulia, wakishamwona mwewe akizunguka angani. Wao huingia msikitini, wazee huwapokea, na wakitoka hufuatana na mwakilishi wa Vavar. Mahujaji kutoka Alangad huanza baadaye, nyota ikionekana mchana. Hawa hawaingii. Kwa imani yao Vavar keshaondoka na wale wa kwanza, sasa waingie kumwona nani?

Watu wa hotuba hupenda kusema dini zote ni moja. Erumeli haijasema hivyo. Waislamu wanaswali swala zao tano, wacheza ngoma wanakwenda kwa mungu wao, na kila upande unajua uishie wapi. (Kwetu Lamu, matari ya Maulidi ya Habib Saleh pale msikiti wa Riyadha yalizua ubishi wa Waislamu kwa Waislamu!) Na mipaka hiyo haizuii ushirika: hata wimbo wa kulifunga hekalu la Sabarimala usiku, Harivarasanam, unasikika kwa sauti ya K. J. Yesudas, aliyezaliwa katika familia ya Kikatoliki.

Adabu ya mipaka ina bei yake, na walioilipa ni wanawake. Hekalu lililompa Mwislamu mahali pake liliwazuia wanawake wa miaka 10 hadi 50, kwa hoja kwamba Ayyappan ni mseja wa milele. Mahakama Kuu ya Kerala iliidhinisha katazo hilo mwaka 1991. Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya India ikalifuta, majaji wanne kwa mmoja, na huyo mmoja aliyepinga ndiye aliyekuwa mwanamke pekee kati yao. Zikazuka ghasia. Januari 2019 wanawake wawili waliingia alfajiri wakilindwa na polisi. Kuhani mkuu akalifunga hekalu ili lisafishwe, kisha likafunguliwa tena.