Maziwa ya Gomel

Kinu namba 4 cha Chernobyl kilipolipuka usiku wa kuamkia Jumamosi, Aprili 26, 1986, upepo ulibeba aidini yenye mionzi hadi vijiji vya mkoa wa Gomel, kusini mwa Belarusi. Aidini ndiyo yale madini joto yanayotiwa kwenye chumvi ili kuzuia rovu, na tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, huinyonya bila kubagua iliyo salama na yenye mionzi. Ng'ombe walikula majani yaliyoangukiwa na sumu hiyo, nayo ikatoka kwenye maziwa. Mtoto mdogo hunywa maziwa mengi huku tezi yake ikiwa ndogo mno, kwa hiyo kikombe kimoja humdhuru kuliko mtu mzima mara kadhaa. Ardhi ya huko nayo ilikuwa na upungufu wa madini joto, na tezi iliyokosa aidini hukamata yoyote ipitayo. Hata hivyo aidini 131 hupungua kwa nusu kila siku 8. Kuwaepusha watoto na maziwa mabichi kwa wiki chache kungeondoa sehemu kubwa ya madhara. Ndiyo maana nashikilia kwamba saratani ya thairoidi iliyowapata watoto hao ililetwa na ukimya wa wakubwa sawasawa na ilivyoletwa na mlipuko.

Wapo wanaowatetea viongozi wa Kisovieti kwa hoja kwamba wakati ule hatari hii haikujulikana. Kumbukumbu zinawakatalia. Kinu cha Windscale kilipowaka moto Oktoba 1957, serikali ya Uingereza ilipiga marufuku maziwa ya mashamba katika eneo la kilomita za mraba 500 hivi, yakamwagwa. Huko Visiwa vya Marshall, watoto wa Rongelap walioangukiwa na vumbi la bomu la Marekani Machi 1954 walianza kuonekana na vinundu vya thairoidi mwaka 1963. Elimu ilikuwepo, haikufikishwa kwa waliohitaji. Wakazi wengi wa Pripyat, mji wa wafanyakazi wa kinu, walipewa vidonge vya aidini salama na wakahamishwa Aprili 27. Vijiji vingi vya mbali zaidi havikupata vidonge wala onyo. Tangazo fupi la serikali lilitoka jioni ya Aprili 28, baada ya Uswidi kunasa mionzi, na gwaride la Mei Mosi likafanyika Kyiv kama kawaida. Poland, iliyokuwa katika kambi hiyo hiyo ya kisiasa, ilianza kugawa aidini Aprili 29, ikawafikia watoto zaidi ya milioni 10 kwa siku chache, na wadogo wakapewa maziwa ya unga. Ni kweli Poland iliangukiwa na mionzi kidogo kuliko Gomel, hivyo afya za watoto wa pande hizo mbili hazilinganishiki moja kwa moja. Lakini mfano wa Poland unathibitisha kwamba kazi yenyewe iliwezekana.

Ukimya uliendelea hata ugonjwa ulipojitokeza, safari hii kwa sura ya mashaka ya kitaalamu. Septemba 1992, Kazakov, Demidchik na Astakhova wa Belarusi waliandika katika jarida la Nature kwamba wagonjwa wa saratani hii miongoni mwa watoto wao walipanda kutoka wastani wa 4 kwa mwaka hadi 55 mwaka 1991. Wapinzani walijibu kwamba ukipima watoto wengi utagundua vinundu vingi, na kwamba aidini 131 haina nguvu ya kuleta saratani haraka hivyo. Hoja ya kwanza ilistahili kujibiwa, na wanafunzi wa Gomel ndio walioijibu. Watafiti waliwapima kwa mashine zile zile: kati ya watoto 9,720 waliozaliwa kabla ya ajali, 31 walikutwa na saratani, kati ya 9,472 waliozaliwa kuanzia 1987 hadi 1989, aidini ikiwa imekwisha kutoweka, hakukutwa hata mmoja. Kama vipimo pekee ndivyo vilivyozaa idadi ile, makundi yote mawili yangepata wagonjwa. Hoja hiyo ya vipimo ina uzito zaidi Fukushima, Japani, ambako mionzi iliyowafikia watoto baada ya ajali ya kinu ya 2011 ilikuwa ndogo sana na vyakula vilidhibitiwa mapema. Huko Kamati ya Kisayansi ya Umoja wa Mataifa inauhusisha wingi wa wagonjwa na ukali wa vipimo.

Wengine husema madhara yalikuwa madogo kwa kuwa saratani hii hutibika. Hadi 2005 wagonjwa walikuwa zaidi ya 6,000, na waliofariki 15. Kunusurika kwao ni jambo la kushukuru, lakini kupona kwa mtoto aliyeondolewa tezi ni kubaki na kovu shingoni na kumeza kidonge cha homoni kila siku ya maisha yake. Na wanaodai kwamba ukweli ungezua taharuki wajiulize taharuki ipi ingemdhuru mama wa Gomel kuliko kumnywesha mwanawe sumu kwa mkono wake bila kujua. Alihitaji kuambiwa sentensi moja tu: msiwape watoto maziwa. Serikali yoyote inayojenga kinu cha nyuklia inadaiwa na wananchi ahadi kwamba sentensi hiyo itasemwa siku ile ile, kabla heshima ya wakubwa haijafikiriwa.